Shule ya Meno ya Ng'ambo

Kisangani, commune ya Tshopo

Papa Dorcas wangu,

Kabla ya kusoma, kaa chini. Hakuna kibaya. Ni kwamba barua ni ndefu, na ninakujua: ukiisoma umesimama utaanza kupiga randa katikati ya sentensi, na nusu ya maneno yangu itapotea kwenye maranda.

Mgongo wako unaendeleaje? Umepata mtu wa kukusaidia kuinua mbao, au bado unajifanya kijana? Dorcas amepona kile kikohozi? Na Josué, bado anakataa kulala mpaka aimbiwe? Mwambie mama yake anaimba huku kila jioni, ila kwa sauti ndogo, watu wa nyumba ya Tonton, mjomba wangu, wasije wakafikiri nimechanganyikiwa. Mama mkwe naye macho yake vipi? Usiniandikie "wote wazima" halafu basi. Mmoja mmoja, tafadhali.

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nimenenepa. Kosa ni la Tantine Marie-Jeanne, mke wa Tonton. Yeye ni mtu wa Isangi, anauza samaki wa moshi sokoni, na kwake mgeni akikonda ni matusi kwa mwenye nyumba. Leo pondu na samaki wa moshi, kesho kwanga na samaki wa moshi, Jumapili liboke, tena ya samaki. Nikisema nimeshiba, ananiangalia kama mtu aliyeacha kusali.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Juzi niliposema kwenye simu "miaka mitatu," ulinyamaza mpaka nikadhani rezo imekata. Nikaita, "Alo? Alo?" Ndipo ukasema, "Andika yote. Nitasoma polepole." Sikukasirika. Wewe ni mtu ambaye hukati ubao kabla ya kuupima, hata kama aliyeagiza kiti amekusimamia kichwani. Donc, hapa nakuandikia yote. Barua inakuja kwa mkono wa sista mmoja wa parokia ya hapa anayehamishiwa huko kwetu Kindu. Umpe maji ya kunywa, na umtafutie kiti kisichocheza.

Tulipoagana, mpango wetu ulikuwa mmoja: nije Kisangani, nikae kwa Tonton Alphonse, kaka wa mama, nitafute shule ya kuwa hygiéniste, msafishaji wa meno, nisome miaka miwili, nirudi nyumbani na diploma. Nakumbuka ndugu yako mkubwa alivyocheka: "Mke wa mtu anasafiri kote kule ili akasugue meno ya watu?" Wewe hukucheka. Ulijua kilichonichosha. Miaka yote ile kwenye kituo cha afya kazi yangu ilikuwa kushika vichwa. Mtu anakuja shavu limevimba, infirmier, yule muuguzi wetu, anachukua koleo, na mimi nasimama nyuma nashika kichwa kisitikisike. Hakuna aliyekuja kabla ya maumivu. Hakuna aliyefundishwa kwamba ule ukoga unaokauka kwenye meno na kuwa kama chokaa unaweza kuondolewa, fizi zikapona, jino likabaki mahali pake. Nilikuwa nikirudi nyumbani mikono inanuka vichwa vya watu, nawe ukinipa sabuni bila kuuliza.

Bon. Nilipofika hapa nilikuta Tonton ameshanichagulia shule.

Unamkumbuka Tonton? Amestaafu kazi yake ya mairie, ofisi ya mji, lakini kila asubuhi anavaa koti na tai kana kwamba mairie yenyewe inaweza kumpitia nyumbani ikiwa na shida. Watu wa mtaa bado wanamletea karatasi zao awasomee. Basi ana rafiki, mdogo wake kwa umri, mwenye taasisi mpya ya mambo ya afya huku mjini. Tonton alikuwa ameshamwona na kumwambia mwipwa wake anakuja, na nafasi imewekwa. "Miaka mbili tu," akaniambia, "na diploma iko na rangi ya zahabu kwa pembeni." Alifurahi sana. Nilimpigia magoti kumshukuru, na nilishukuru kwa moyo.

Papa Dorcas, ungeiona hiyo taasisi! Vigae vinateleza mpaka nilivua viatu mlangoni, mlinzi akanicheka. Wanafunzi wana makoti meupe yaliyopigwa pasi, jina la mtu limeshonwa kifuani. Directeur, ndiye yule rafiki wa Tonton, ni mtu mpole, mwenye sauti nzuri, alinikaribisha kwa heshima kama mke wa waziri. Alinionyesha madarasa, maktaba, picha za sherehe za kutoa diploma. Nikaangalia, nikasifu. Kisha nikauliza, "Directeur, mahali wanafunzi wanafanyia kazi yenyewe ni wapi? Kile kiti cha mgonjwa?"

"Salle ya pratique? Iko, mama. Iko."

"Naweza kuiona?"

"Utaiona. Mwenye ufunguo amesafiri kidogo, kule Buta."

Nikarudi baada ya siku chache. Mwenye ufunguo bado alikuwa Buta. Nikarudi tena, sasa ufunguo wenyewe ulikuwa Buta, mwenyewe yuko Bafwasende. Sikutaka kumwaibisha mtu, nikaaga vizuri, lakini wakati wa kutoka nikapita nyuma ya nyumba na kuchungulia dirishani. Kiti kilikuwepo, hakudanganya. Kiti kizuri cha kijani, bado kimefungwa plastiki yake ya dukani, na juu yake wamepanga spika za muziki wa sherehe.

Nje ya geti kulikuwa na msichana wa mwaka wa pili ananunua beignets, maandazi ya sukari. Nikamsalimia, tukaongea. Nikamwuliza ameshasafisha watu wangapi meno.

"Batu?" Alicheka mpaka sukari ikamwagika kwenye koti lake. "Yaya, tuko nasafisha meno ya plastiki. Na ile plastiki yenyewe iko moja tu, tunapokeana kwa zamu. Miye zamu yangu ilianguka siku ya sikukuu."

Alicheka, nami nilicheka, lakini nilipopanda toleka kurudi nyumbani nilikaa nyuma ya ile baiskeli kichwa kizito. Yule msichana ana akili. Alinieleza majina yote ya meno na ya magonjwa ya fizi kwa Kifaransa bila kukosea. Anachokosa ni mdomo wa mtu. Nikajiuliza: nitarudi Kindu na karatasi ya dhahabu, mtu afungue mdomo, na mkono wangu usijue pa kuanzia?

Sikumwambia Tonton. Nilimwambia Tantine, tukiwa tunapanga samaki. Naye hakuinua hata macho. "Kesho miye nitavuka Lubunga kutafuta mihogo," akasema. "Kule ng'ambo kuko mama mumoja anafundisha mambo ya meno. Kuya tuende. Macho haina kodi."

Unajua mimi na maji. Mto wa hapa si kama wetu pale Kindu unapopita polepole kama mzee anayetoka misa. Hapa umetoka kwenye maporomoko, bado una hasira. Tuliingia pirogi, mtumbwi wa mota, watu na baiskeli na kuku, nikashika mkono wa Tantine mpaka akasema nitamvunja, na wimbi moja likanipiga kuanzia bega hadi kiuno. Nilifika Lubunga nimelowa, nywele zimelala, koti langu la heshima limeshika mwili.

Shule ya ng'ambo haina vigae. Ni nyumba ndefu ya matofali iliyopakwa chokaa, tanki la maji ya mvua pembeni, na paneli za jua kwenye bati. Mlangoni kulikuwa na watu wamekaa kwenye benchi lililoinamia upande mmoja, mpaka wa mwisho alikuwa karibu kuketi chini. (Nililiangalia lile benchi kwa macho yako, nikaona aibu.) Hapakuwa na mtu wa kunikaribisha. Akatoka mama mmoja mfupi, wa makamo, barakoa shingoni, mikono mitupu imeinuliwa juu kama padri kwenye altare.

"Weye iko mugonjwa ao mwanafunzi?"

"Bado sijui, mama."

"Bon. Nawa mikono. Tutajua."

Huyo ndiye Mama Véronique, mkuu wa shule. Alisomea kazi hii Kinshasa, akaifanya miaka mingi, akarudi kwao. Alinitazama nikinawa, akanirudisha ninawe tena mpaka kwenye viwiko, akanipa koti la kuazima lililokauka, akanikalisha kwenye stuli pembeni. Kuna viti viwili vya wagonjwa mle ndani. Ngozi yake imepasuka na kushonwa, lakini vinapanda na kushuka, maji yanatoka, taa inawaka. Kwenye kila kiti kuna mwanafunzi anafanya kazi na mwalimu amesimama begani pake.

Akaingia mwanamume mmoja mkubwa, mtu wa maporomoko kule upande wa wavuvi, mabega kama mlango. Mtu wa namna ile anasimama kwenye maji yanayovunja mitumbwi na kuinua mitego bila kujali. Lakini alipokiona kiti, alisubiri aitwe mara mbili. Alikaa, akafumba macho, akashika pande mbili za kiti, akauliza kwa sauti ya mtoto:

"Mutu wa kushika kichwa iko wapi?"

Papa Dorcas, sikufikiri. Mwili wangu ulijibu wenyewe. Nilikuwa nimeshasimama nyuma yake, mikono yangu yote miwili kwenye kichwa chake, kama nilivyofanya miaka yote.

"Toa mikono," akasema Mama Véronique.

Hakupaza sauti. Wanafunzi wote waligeuka. Nilitoa mikono kama niliyeungua.

"Hapa hatushike vichwa. Papa, fungula macho. Hakuna jino itatoka leo." Kisha akanigeukia. "Chukua kile kioo pale. Mupe ashike yeye mwenyewe."

Nikampa kioo. Akakishika kwa mikono miwili. Mwanafunzi, kijana mmoja mtulivu, akaanza kazi kwenye meno ya chini mbele, akimwonyesha kila kitu kabla ya kukifanya: hiki ndicho chuma, huu ndio ukoga, hapa ndipo fizi inapotoka damu kwa sababu ya huu ukoga na si kwa sababu ya uchawi wa shemeji yako. Yule bwana alikuwa anafuata kwenye kioo kwa jicho moja kwanza, halafu yote mawili. Vipande vilikuwa vinatoka kama maganda ya yai. Walipomaliza upande wa chini akasuuza, akapitisha ulimi. Akapitisha tena. Akanitazama mimi, sijui kwa nini mimi, labda kwa sababu mikono yangu ndiyo ilimgusa kwanza.

"Kumbe kulikuwa na njia hapa katikati!" akasema. "Miye nilizani ni jino moja kubwa!"

Nyumba nzima ilicheka, na yeye alicheka kuliko wote, mdomo wazi, haufuniki. Mimi nilicheka pia, kisha nikaona machozi yananitoka, nikajifanya ni maji ya mto.

Mchana Mama Véronique alinipa nafasi ya kuuliza maswali, nami sikuyaonea haya. Niliuliza nani anasimamia mtihani wa mwisho. Akasema watahini wanatumwa na Serikali, wala si walimu wa nyumbani. Niliuliza waliomaliza wako wapi, akanitajia mmoja mmoja: huyu hospitali fulani, huyu Yangambi, huyu ameolewa na hafanyi kazi, "na bado ananiuma roho." Hilo la mwisho lilinifanya nimwamini. Kisha nikauliza ni miaka mingapi.

"Tatu."

"Mjini wanasema miwili."

"Mjini watu wanakimbia," akasema. "Mwaka wa kwanza utajifunza mwili mzima, kwa sababu mdomo hautembei peke yake. Mwaka wa pili utafanya kazi kwenye kiti hiki. Mwaka wa tatu tunapanda boti, tunashuka na mto, Yanonge, Isangi, kwenye shule za watoto, na kule hakuna mwalimu atasimama begani kwako. Weye iko na bana?"

"Wawili. Na mume."

Hakunipa moyo wala hakunikatisha tamaa. Alisema tu, "Basi uongee nabo," akarudi kwa wagonjwa wake.

Nilivuka kurudi na sikumbuki kama kulikuwa na wimbi.

Sasa shida ilikuwa Tonton. Kukataa nafasi aliyoniombea kwa rafiki yake ni kumvua koti mbele ya watu. Nilisubiri Jumapili baada ya chakula, ameshiba, redio imezimwa. Nikapiga magoti, nikamweleza yote: ufunguo, dirisha, spika, yule msichana, kisha Lubunga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akakunja leso yake mara mbili, akasema, "Kwa hiyo miye nimekutafutia shule ya bure-bure," akaingia chumbani.

Tangu siku hiyo hakusema nami. "Mwambie mwipwa wangu apitishe chumvi," anamwambia Tantine, nami nimekaa karibu naye kiasi cha kumgusa. Niliumia, Papa Dorcas. Mtu huyu amenipa chumba, amenipa jina lake mjini. Nilianza kufikiri labda nimkubalie tu, nisome ile ya mjini, nirudi mapema kwenu, mambo mengine Mungu atajua.

Asubuhi moja akavaa ile suti yake ya arusi za watu wengine, akaita toleka, akaondoka bila kusema anakokwenda. Alirudi saa ya chakula ikiwa imepita sana. Tai imekwenda upande. Alipopita kuingia ndani, Tantine akaona kitu nyuma yake: kipande kirefu cha plastiki kimenasa kwenye suruali, kinamfuata kama mkia.

"Papa," Tantine akasema, "ile nyoka umeitoa wapi?"

Tonton akasimama. Akageuka, akaitazama ile plastiki, akaketi kwenye kiti cha mlangoni na kuanza kutikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, cheko la mtu aliyelizuia njia nzima.

Alikuwa amekwenda kwa rafiki yake. Alisalimia, akakaa, akasema, "Petit, nimekuja musafishe meno yangu. Mwipwa wangu anataka kusoma kwako. Miye ni mzee wake, lazima nionje kwanza." Directeur akamletea kahawa. Akanywa, akasema, "Sasa meno." Directeur akamletea mwanafunzi mwenye yale meno ya plastiki, akasugua mbele yake vizuri kabisa. "Miye siko plastiki," Tonton akasema, "miye niko Alphonse." Akabaki ameketi. Saa zikaenda. Mwishowe ufunguo ukarudi kutoka Buta. Ulikuwa kwenye droo. Wakaondoa spika, wakamlaza Tonton juu ya kile kiti na plastiki yake. Kiti kikashuka vizuri, kikalala kama kitanda. Papo hapo umeme ukakatika, na kiti kikakataa kuinuka. Tonton akabaki chali, suti na viatu, anaangalia dari la ile salle nzuri, mpaka walimu na Directeur mwenyewe wakamshika mikono na kumvuta kama samaki mkubwa.

"Hakuna mutu alinifungula hata mudomo!" alisema, akipangusa macho. "Hata kuniambia 'sema aaa'! Hata ile!"

Tantine alikuwa ameshika ukuta. Samaki waliungua siku ile, na hakuna aliyejali.

Tusimcheke sana Directeur. Tonton anasema alimwomba radhi, akakiri kwamba kiti kilifika kabla ya maji na kabla ya mwalimu wa kukitumia, na kwamba anatumaini mwaka ujao. Wameagana kwa amani. "Nimemwambia, mwaka ujao aniite tena," Tonton alisema. Kisha akanigeukia, mimi mwenyewe, si kwa kupitia chumvi: "Yaani wewe uliona kwa dirisha kitu miye nilipaswa kulalia ndiyo nione. Kesho tunavuka."

Alivuka na suti. Aliketi wima katikati ya pirogi kama gavana, maji yakamlowesha kama mtu mwingine yeyote. Mama Véronique alipotoka na mikono yake juu, akamwuliza kama ni mgonjwa au mwanafunzi, Tonton akavua kofia: "Madame, miye ni muzazi." Nilisimama nyuma yake, nikashika mkono wa koti lake. Unajua kwamba tangu Papa yangu afe hakuna mtu aliyekuwa amesema neno hilo kwa ajili yangu.

Kwa hiyo nimejiandikisha ng'ambo. Masomo yanaanza mvua kubwa zikipungua. Sikuombi ruhusa ya kuchagua. Hilo uliniachia ulipouza ule mlango mzuri uliouchonga mwenyewe kwa ajili ya safari yangu, na nimechagua kwa macho yangu yote. Ninachokuomba ni shauri: miaka hii mitatu tuiishi namna gani?

Nimeifikiria kila upande. Naweza kusoma peke yangu na kuja likizo, boti na treni zikikubali. Utaweza, najua. Unasuka nywele za Dorcas kuliko mimi, jirani zetu wenyewe wanasema. Lakini mimi sijui kama nitaweza. Juzi sokoni mtoto wa mtu aliita "Mama!" na nikageuka na kuangusha kapu zima.

Basi kuna kitu nilifanya. Karibu na shule ya Lubunga kuna mama mjane, mtu wa Yanonge, ana nyumba ndogo aliyokuwa akikaa mwanawe kabla ya kwenda Kinshasa. Nilikwenda kuiangalia tu. Vyumba viwili, sakafu ya saruji, jiko nje. Pembeni kuna banda la bati ambapo marehemu mumewe alikuwa akichonga pirogi. Ni refu, lina kivuli, na mwanga unaingia kutoka upande wa mto. Niliingia nikapima kwa miguu, kwa ajili ya benchi lako la kazi. Linatosha, na nafasi ya kupita kando na ubao mrefu inabaki. Mbao zinashuka kutoka msituni kila wiki upande ule ule, na sijaona seremala hata mmoja ambaye mlango wake ungeusifu. Shule ya msingi haiko mbali. Mama mkwe naye angepata madaktari wa macho mjini.

Yule mjane alikuwa amesimama mlangoni akiniangalia ninavyohesabu hatua zangu. Akauliza, "Mama, mutakuwa batu ngapi?"

Nilikuja kuulizia tu. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia niko peke yangu, kwamba bado sijaongea na mume wangu. Lakini mdomo ulinitangulia.

"Tuko bane, mama," nikamwambia. "Labda batano, na mama mukwe."

"Basi nitamwita mutu wa kuziba bati," akasema. "Ile pembeni inavuja."

Huyo mtu wa bati anaziba wiki hii. Soma polepole, kama ulivyosema. Ukiona haiwezekani, niambie wazi, nami nitamrudia yule mama na kumwomba radhi, na tutatafuta njia nyingine pamoja.

Nisalimie mama mkwe, mwambie Tantine amemtengea samaki wa moshi. Msalimie ndugu yako mkubwa, na umwambie siku nitakayorudi yeye ndiye wa kwanza kwenye kiti, acheke akiwa amefungua mdomo. Msalimie dada yangu mdogo anayewafulia watoto. Mungu ambariki kila anapokamua shati la Josué. Salamu kwa Mama Fatuma jirani yetu anayekuazima moto. Na yule infirmier wa kituo, aliyenifundisha kazi ya kwanza, mwambie simdharau.

Mbusu Dorcas kwenye paji la uso na Josué pale anapopenda, nyuma ya sikio. Wewe nakubusu mwenyewe, kwa kalamu kwanza.

Mke wako akupendaye, anayesubiri neno lako huku bati likizibwa,

Mama Dorcas